Kitaa chekundu cha oili: presha inapotelea wapi kwenye gari la zamani

Kitaa cha oili kwenye dashibodi hakijui kama ndani ya injini kuna oili nyingi au kidogo. Wengi wetu tukikiona kimewaka tunakimbilia sheli, tunanunua lita moja, tunaimimina na kuondoka roho zimetulia. Lakini kile kibirika chekundu chenye tone mdomoni kina habari moja tu ya kukupa: presha kwenye njia za oili imeshuka mno. Oili inaweza kuwa imejaa hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia na presha isiwepo kabisa. Na inaweza kuwa imepungua nusu lita, presha ikawa nzuri kama ya gari jipya.

Nitaeleza kwa Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, ile ya cc 1,498, kwa sababu ndiyo niliyokaa nayo miaka mingi na ndiyo iliyonifanya nijifunze haya. Ukiwa na Starlet, Carina, Nissan Sunny au gari lolote la miaka ya 1990 lenye kitaa cha oili badala ya mshale, mengi yatakuwa yaleyale. Vipimo tu ndivyo utakavyovitafuta kwenye kitabu cha gari lako.

Kabla ya yote: kitaa kikiwaka ukiwa kwenye mwendo na kikabaki, toka barabarani, zima injini hapo hapo. Usiseme nafika pale mbele tu. Krenkishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake, yaani vikalio vya chuma inamozungukia. Inazunguka juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika chuma kinasugua chuma. Kwenye mwendo wa barabara kuu beringi zinaweza kuungua ndani ya dakika chache, na zikiungua zinaikwangua krenkishafti yenyewe. Zipo taa za dashibodi unazoweza kulala nazo hadi kesho, kama ile ya njano ya injini. Hii haimo.

Presha inazaliwa wapi

Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili, basi. Kwenye 5A imekaa mbele ya injini na inazungushwa na krenkishafti moja kwa moja, kwa hiyo resi (kasi ya mizunguko ya injini) ikipanda inasukuma nyingi, resi ikishuka inasukuma kidogo. Presha inatokana na wembamba wa mahali oili inapolazimika kupita.

Chukua nyumba yenye tenki la maji juu ya mnara. Ukifungua bomba la bafuni peke yake, maji yanatoka kwa nguvu. Mtu akifungua la jikoni, mwingine akawa uani anafua, bafuni panabaki maji ya kuchuruzika. Tenki ni lilelile na mabomba ni yaleyale. Kilichoongezeka ni matundu ya kutokea. Beringi iliyolika ni bomba la uani lililoachwa wazi.

Toyota walipanga nafasi kati ya krenkishafti na beringi za meni, zile kuu zinazoishikilia kwenye bloku, kwenye injini za familia hii iwe milimita 0.015 hadi 0.033. Unywele wa mtu una unene wa karibu milimita 0.07. Kikomo chao ni milimita 0.10, ikizidi hapo beringi zinabadilishwa. Kwa macho huwezi kutofautisha 0.03 na 0.06, lakini oili inayopita kwenye uwazi mwembamba hivyo huongezeka kwa kipeo cha tatu: uwazi ukiwa mara mbili, oili inayotaka kukimbia ni mara nane. Pampu ambayo jana ilikuwa inatosha, leo inaelemewa.

Kisha weka joto juu yake. Oili ya 20W-50, namba hizo zikiwa za uzito wake, ikiwa na baridi ya asubuhi ni nzito kama asali. Ikifika nyuzi joto 100 inachuruzika karibu kama mafuta ya kupikia. Sasa fikiria foleni ya Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni. Injini imechemka, upepo haupiti kwenye rejeta, oili imelainika, na pampu inazunguka polepole kwa sababu gari liko sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Mambo yote matatu yanayoshusha presha, beringi iliyolika, oili nyepesi na pampu ya polepole, yamekutana mahali pamoja. Ndiyo maana dalili ya kawaida kuliko zote ni hii: asubuhi gari halina shida, jioni kwenye foleni kitaa kinapepesa, ukikanyaga mafuta kidogo kinazima. Mtu akikuambia hivyo tayari amekupa nusu ya jibu.

Kingine cha kukielewa ni swichi yenyewe. Ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichofungwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, na ndani yake kuna kiwambo na springi. Presha ikiwa sifuri, swichi inaunganisha waya na bodi ya gari, kitaa kinawaka. Presha ikipanda inakisukuma kiwambo, mawasiliano yanakatika, kitaa kinazima. Sasa, swichi nyingi za aina hii hugeuka kwenye psi 3 hadi 7 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba). Na 5A inatakiwa iwe na psi 36 hadi 71 ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Unaona pengo lilivyo? Unaweza kuwa unakimbia kuelekea Morogoro na presha imeanguka hadi psi 12, theluthi tu ya kiwango cha chini kinachotakiwa, na dashibodi haina neno. Kitaa kikija kuwaka kwenye mwendo, jambo limeshaharibika zamani. Wenye Land Cruiser zenye mshale wa presha wana bahati kubwa hapa, kwa kuwa wanauona ukishuka mwezi hadi mwezi.

Kijiti, kidole na pua

Anza na kisicho na gharama. Egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika kama tano oili iteremke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Injini hii inachukua kama lita tatu tu. Ikipungua lita moja umepoteza theluthi, na pampu inaanza kunyonya hewa gari likikata kona, likipanda mlima au likifunga breki. Kitaa kinachowaka kwenye kona na kuzima ukinyoosha usukani, tisa kwa kumi ni upungufu wa oili. Jaza, halafu ujiulize ilikokwenda: inavuja, au inaungua na moshi wa bluu unatoka nyuma?

Usiishie kwenye alama. Sugua tone la oili kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha linuse. Oili nyeusi si tatizo. Nyeusi ni kazi yake. Ikiwa nyepesi kama maji na inanuka petroli, basi kuna nozeli inayovuja au silinda isiyochoma, na petroli inateremka kuichanganya oili hadi haina nguvu ya kushika presha. Mara nyingi utaona pia kiwango kimepanda juu ya alama bila wewe kuongeza kitu, na wengi hufurahi wakiona hivyo kumbe ndilo balaa. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Hapo usiwashe tena, tafuta gasketi ya hedi. Na ukiona vichembe vinavyometa kama unga wa fedha kwenye ncha ya kidole, hizo ni beringi zinazungumza.

Kuna swali la oili iliyomo. Uliinunua wapi? Madumu ya kampuni zinazojulikana hujazwa upya oili isiyojulikana na kuuzwa kwa bei inayovutia, hilo kila mwenye gari mjini ameshalisikia au limeshamkuta. Mimi hununua duka moja lilelile, naangalia kizibo kama kilishafunguliwa, na nikimaliza kumimina natoboa dumu kwa bisibisi kabla ya kulitupa. Kama oili ina mashaka, mwaga, weka nzuri ya kiwango kinachotakiwa pamoja na filta mpya, ndipo uendelee na upimaji. Kupima presha ya oili mbovu ni kupima oili, si injini.

Waya mmoja

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Kibirika lazima kiwake, kisha kizime muda mfupi baada ya injini kuwaka. Kama hakiwaki kabisa, balbu imeungua au waya umechomoka, na gari lako halina mlinzi. Hapa nitoe angalizo kwa anayenunua gari lililotumika hapa hapa nchini: fanya jaribio hili kabla ya kuangalia rangi na viti. Kuna wanaochomoa balbu, na kuna ujanja mbaya zaidi wa kuunga waya wa kitaa hiki na ule wa chaji ili viwake na kuzima pamoja, mnunuzi asigundue. Ukiwa na wasiwasi, chomoa waya wa swichi ya oili, ugusishe kwenye chuma cha bodi ufunguo ukiwa umewashwa. Kitaa cha oili kiwake, na kiwake peke yake.

Jaribio la upande wa pili ni rahisi vilevile. Kitaa kimeganda kikiwa kinawaka: zima injini, chomoa ule waya, zungusha ufunguo tu. Kama bado kinawaka na waya uko hewani, umechubuka mahali na unagusa bodi. Mpe fundi umeme kazi. Kama kimezima, waya ni mzima na lawama iko kwa swichi au kwenye presha yenyewe. Swichi inayotoa oili kwenye plastiki ya juu imekufa, ibadilishe bila kufikiri. Bei yake ni ndogo.

Ila hapa ndipo watu wanapokosea. Wanabadilisha swichi, kitaa kinaendelea kupepesa, wanabadilisha nyingine, kisha mtu anashauri waweke oili nzito zaidi. Kitaa kinazima. Kila mtu anafurahi na hakuna aliyejua presha ilikuwa ngapi.

Geji

Geji ya presha ya oili ni saa ndogo yenye mpira na vichwa kadhaa vya kufungia. Gereji yoyote inayojiheshimu inayo, na ukiwa na gari la zamani hata kununua yako si hasara. Unafungua swichi, unafunga mpira wa geji kwenye tundu lile lile, unawasha, unasoma. Kazi ya nusu saa.

Angalia nyuzi kabla ya kukaza. Tundu la Toyota ni la inchi moja ya nane, nyuzi za mtindo wa Kiingereza zinazotumika Japani, 28 kwa kila inchi. Seti nyingi za geji huja na kichwa cha Kimarekani cha ukubwa huohuo chenye nyuzi 27. Kinaingia mizunguko miwili vizuri kabisa, kisha kinakuwa kigumu, na mwenye haraka anaongeza nguvu. Hapo tundu limeharibika. Kikianza kukataa, kitoe.

Soma mara ya kwanza injini ikiwa baridi, uandike. Kisha liendeshe gari dakika ishirini. Mshale wa joto kufika katikati hautoshi, kwa kuwa oili inachelewa kupata moto kuliko maji. Rudi, liache sailensa, soma. Panda hadi 3,000, shikilia, soma, na uendelee kushikilia kidogo. Kama dashibodi yako haina mshale wa RPM, itabidi fundi akusaidie kwa mashine yake au kwa sikio. Toyota wanataka angalau psi 4 hivi kwenye sailensa oili ikiwa moto, na ile 36 hadi 71 kwenye 3,000. Hiyo 4 ni kiwango cha kutokufa. Injini yenye afya mara nyingi iko juu yake mara kadhaa.

Presha nzuri kote na kitaa kinawaka: swichi ilikuwa inakudanganya, na umeokoa pesa nyingi. Ndogo kwenye sailensa ya moto lakini nzuri kwenye 3,000: ule mfano wa mabomba ya uani, beringi zimelika, au pampu imechoka, au oili ni nyepesi. Ndogo kila mahali, hata injini ikiwa baridi: shuku valvu ya kutolea presha iliyomo kwenye pampu. Ni pistoni ndogo na springi. Uchafu ukiikamata ikiwa imefunguka, oili inarudi ilikotoka kabla ya kufika kwenye beringi. Kitaa kinachochelewa kuzima asubuhi tu, huku vipimo vingine ni vizuri, ni filta ya bei rahisi ambayo mpira wake wa ndani hauzuii oili kushuka usiku.

Kuna mwenendo mwingine, na huo nauandika kwa kirefu kwa sababu ulitaka kuniuzia injini.

Corolla yangu ilikuwa inavuja oili kwenye sampu. Fundi mmoja aliifungua, akaifuta kwa kitambaa, akaipaka silikoni nyekundu kwa ukarimu mkubwa na kuirudisha. Uvujaji ukaisha. Kama miezi miwili baadaye nikiwa njiani baada ya Chalinze, mwendo wa 100, kitaa kikawaka. Nikasimama, nikazima. Oili imejaa. Baada ya robo saa nikawasha, kitaa kikazima chenyewe, nikarudi taratibu kwa mwendo wa 50 na hakikuwaka tena. Fundi wa pili alisikiliza dakika mbili, akatikisa kichwa: "Bosi, hii injini imekwisha. Tafuta nyingine, nitakufungia."

Lakini hadithi yenyewe ilikuwa inapingana naye. Beringi zilizolika hulalamika kwenye sailensa, na mimi kwenye foleni sikuwahi kukiona kile kitaa. Changu kiliwaka pale pampu ilipokuwa inazunguka kwa kasi kubwa. Nikaomba geji. Baridi, sailensa: psi 45. Moto, sailensa: 15. Kwenye 3,000 mshale ulipanda hadi 42, ukakaa, halafu kadiri tulivyoshikilia resi ukaanza kutetemeka na kushuka, 35, 30, 24. Tulipoachia ukatulia tena kwenye 15.

Mshale unaotetemeka na kushuka resi ikiwa juu unasema pampu inataka oili nyingi na haipewi. Tatizo liko upande wa kunyonya, chini, kwenye streina: kile kikombe chenye wavu kilichozama kwenye sampu. Tukaishusha sampu. Wavu ulikuwa umefunikwa na vinyuzinyuzi vyekundu laini, vimejikunja kama tambi zilizoiva, na katikati donge moja kubwa la ukubwa wa punje ya mahindi. Silikoni iliyozidi ilikuwa imejiminya kwa ndani wakati wa kukaza boliti, ikakatika vipande, ikaelea hadi ilipovutwa. Kwenye sailensa oili kidogo iliweza kujipenyeza. Kwenye kasi, haikuweza.

Silikoni si adui. Kiwandani kwenyewe sampu hizi hufungwa kwa dawa ya aina hiyo. Ila ni uzi mwembamba wa milimita tatu hadi tano, juu ya chuma kilichokwanguliwa na kusafishwa hadi kikavu. Anayepaka kama siagi kwenye mkate anaandaa kitaa cha miezi miwili ijayo. Na ukiwa unashusha sampu, ipapase kwa chini kwanza: barabara za mawe huibonyeza kuelekea juu, na bonde dogo tu linatosha kuusukuma mdomo wa streina ukagusana na sakafu ya sampu na kujiziba wenyewe.

Ikiwa kweli ni beringi

Geji ikishasema beringi, kata filta ya zamani uangalie. Tumia kikata bomba au patasi, usitumie msumeno, maana unga wa msumeno utaudhania kuwa wa injini. Kunjua karatasi juani. Pitisha sumaku: kinachonaswa ni chuma cha pampu, ringi au kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu). Vichembe visivyonaswa, vya kijivu au vyenye wekundu wa shaba, ni beringi, na wekundu una maana tabaka la juu limeshaisha.

Beringi zikilika kidogo na krenkishafti haijakwaruzwa, inawezekana kubadilisha za meni na za konrodi (mikono ya pistoni) na kuendelea. Ikikwaruzwa, inachongwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata. Pampu ikibadilishwa kwenye 5A, mkanda wa taimingi na sampu vyote vinatoka, kwa hiyo weka mkanda mpya na sili ya mbele ya krenkishafti papo hapo. Kulipa ufundi mara mbili kwa kazi moja kunauma. Wengi watachagua injini ya mtumba kutoka Japani, na mara nyingi hesabu inawaunga mkono. Basi fungua kizibo cha oili uchungulie kama kuna matope meusi, na ukipata nafasi ya kuisikia ikiwaka, ifungie geji kabla ya kutoa hela.

Na ile oili nzito ya kunyamazisha kitaa? Kwa injini iliyochoka, inayofanya kazi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kutoka 10W-30 kwenda 20W-50 kunaweza kuinunulia muda, na simlaumu mtu anayefanya hivyo akijua geji ilisema nini na anaweka akiba ya matengenezo. Kwa anayeishi kwenye baridi ya Njombe au Makete ni jambo jingine: asubuhi ya Julai oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Na kwa streina iliyoziba kama yangu ingekuwa kosa kubwa, kwa sababu oili nzito ndiyo inayopita kwa shida zaidi kwenye wavu ulioziba. Dawa ya beringi ingeiua injini yenye beringi nzima.

Tuliosha streina kwa petroli, tukakwangua sampu kwa kisu cha kupakia lipu, tukafunga upya, tukaacha dawa ikauke usiku kucha kabla ya kumimina oili. Kesho yake nilizunguka dakika ishirini na geji ikiwa imefungwa. Sailensa, moto: 16. Kwenye 3,000: 46, na mshale ukabaki pale dakika nzima bila kutikisika. Gari lile liliendelea na injini yake ileile.